Mbwa wa uongo wanavyomfungia milango asiyeona Marekani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA milango ya maduka mengi ya vyakula nchini Marekani hubandikwa tangazo dogo linalosema kwamba wanyama hawaruhusiwi kuingia, isipokuwa mbwa wasaidizi. Ni maneno machache, lakini nyuma yake ipo historia ya karibu miaka 100, ipo sheria ya shirikisho na, kwa miaka ya karibuni, upo udanganyifu unaowaumiza watu wale wale ambao maneno hayo yaliandikwa kwa ajili yao.

Chukua mfano wa siku moja katika duka la namna hiyo. Asubuhi anaingia mwanamke asiyeona, mkononi ameshika mpini wa mkanda uliofungwa kifuani mwa mbwa wake. Mbwa anapita kando ya meza za nyama bila kugeuza pua, anasimama mwenye naye anaposimama, na anapofika kwenye foleni analala sakafuni akiwa kimya.

Mchana anaingia mtu mwingine, mzima wa afya, amempakia mbwa wake ndani ya toroli la kubebea bidhaa. Mbwa huyo anabweka, anawarukia watoto na kunusa mikate. Mgongoni amevishwa kizibao chekundu chenye maandishi yanayotangaza kwamba ni mbwa msaidizi. Mfanyakazi wa duka akithubutu kuuliza, mwenye mbwa anakuwa mkali na kutishia kwenda mahakamani.

Jioni anafika kipofu mwingine na mbwa wake. Mlinzi wa mlangoni, ambaye bado ana hasira za mchana, anamzuia. Aliyedanganya amekwisha kwenda nyumbani kwake na bidhaa zake; anayelipa deni la uongo ule ni mtu ambaye hakuwapo.

Hicho ndicho kiini cha mgogoro unaoitikisa Marekani kuhusu wanyama wa kufugwa nyumbani wanaopitishwa katika maeneo ya umma kwa jina la mbwa wasaidizi. Sheria iliyowafungulia milango mbwa hao ilijengwa juu ya kuaminiana, na kuaminiana kukivunjika, wa kwanza kuumia ni mlemavu.

Chimbuko la mbwa wasaidizi

Shule za kwanza za kuwafundisha mbwa kuwaongoza wasioona kwa utaratibu maalumu zilianzishwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Shule ya mji wa Oldenburg ilifunguliwa mwaka 1916.

Habari za shule hizo zilifika Marekani mwaka 1927 kupitia makala ya Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akifuga na kufundisha mbwa nchini Uswisi. Makala hiyo, iliyochapishwa katika jarida la Saturday Evening Post, ilisomwa kwa Morris Frank, kijana asiyeona wa mji wa Nashville katika jimbo la Tennessee. Frank alimwandikia mama huyo barua akiomba afundishwe, naye akaahidi kuwafundisha wenzake atakaporejea.

Mwaka 1928 Frank, akiwa na umri wa miaka 20, alirudi kutoka Uswisi akiongozana na mbwa jike wa aina ya German Shepherd aliyempa jina la Buddy. Mbele ya waandishi wa habari jijini New York alivuka barabara pana yenye msongamano mkubwa wa magari karibu na bandari, akimtegemea Buddy peke yake. Baada ya hapo alituma simu ya maandishi yenye neno moja tu, kueleza kwamba amefaulu.

Mwaka uliofuata, 1929, Frank na Eustis walianzisha shule iitwayo The Seeing Eye, ambayo baadaye ilihamia jimbo la New Jersey na ipo hadi leo. Frank alitumia miaka mingi kuzunguka nchini akiwashawishi wenye treni, hoteli na migahawa wampokee asiyeona pamoja na mbwa wake. Haki ambayo leo inachezewa kwa kizibao cha dukani ilipatikana mlango mmoja baada ya mwingine.

Baadaye kazi za mbwa hao ziliongezeka. Wapo wanaomjulisha kiziwi kwamba mlango unagongwa au mtoto analia. Wapo wanaomwokotea vitu mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu na kumfungulia milango. Wapo wanaomlinda mgonjwa wa kifafa anapoanguka, wanaomwonya mwenye kisukari kwamba sukari imeshuka mwilini, na wanaomtuliza askari aliyerudi kutoka vitani na majeraha ya akili pindi anapoanza kupandwa na hofu.

Mafunzo si mchezo

Kinachomtofautisha mbwa msaidizi na mbwa mpole wa nyumbani si upole, bali ni mafunzo. Watanzania wanaweza kulielewa jambo hili kwa kukumbuka panya buku wanaofundishwa mjini Morogoro na shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hakuna mwenye akili timamu atakayemtoa panya yeyote shambani na kumpeleka kwenye uwanja wa mabomu kwa sababu tu hang'ati.

Katika shule za mbwa viongozi, mtoto wa mbwa hulelewa na familia ya kujitolea tangu akiwa na wiki chache hadi anapokaribia au kupita mwaka mmoja. Familia hiyo humzoesha watu, magari, ngazi na kelele za mjini. Kisha hurudi shuleni kwa miezi kadhaa ya mafunzo chini ya mwalimu, na mwishoni hukutanishwa na mtu atakayemtumikia, wakajifunza pamoja kwa wiki kadhaa. Si mbwa wote wanaofuzu.

Fundisho gumu kuliko yote ni lile la kukataa amri. Asiyeona akimwamuru mbwa avuke barabara wakati gari linakuja, mbwa aliyefunzwa hasogei. Ni kiumbe anayejua kutii na anayejua pia lini kutii kutamuua bwana wake.

Gharama ya kumlea na kumfundisha mbwa mmoja hufikia makumi ya maelfu ya dola, na shule nyingi huibeba kwa michango ya wahisani. The Seeing Eye humtoza mwanafunzi dola 150 kwa mbwa wa kwanza, na aliyewahi kuwa askari hulipa dola moja tu. Kwa upande mwingine, kizibao kinachofanana na cha mbwa wa kweli huuzwa kwenye intaneti kwa dola chache, na hakuna anayeulizwa lolote anapokinunua.

Sheria inasemaje

Msingi wa haki hii ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ambayo Rais George H. W. Bush aliitia saini Julai 26, 1990. Inazitaka hoteli, maduka, migahawa, hospitali, teksi na ofisi za umma kumpokea mtu mwenye ulemavu pamoja na mnyama anayemsaidia.

Mwaka 2010 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitoa kanuni mpya zilizoanza kutumika Machi 15, 2011. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mnyama msaidizi ni mbwa aliyefundishwa mahsusi kufanya kazi au tendo fulani kwa manufaa ya mtu mwenye ulemavu. Farasi wa umbo dogo wamewekewa kifungu chao. Nyani, paka, ndege na wengineo hawamo.

Mfanyakazi wa duka au mgahawa, pale ambapo kazi ya mbwa haionekani wazi, ameruhusiwa kuuliza maswali mawili tu. La kwanza: je, huyu ni mbwa msaidizi anayehitajika kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefundishwa kufanya kazi gani?

Zaidi ya hapo haruhusiwi. Hawezi kuuliza mtu anaumwa nini, kudai cheti wala kitambulisho, au kutaka mbwa aoneshe kazi yake. Hawezi kumtoza mteja ada ya ziada. Hawezi pia kumkataa kwa kisingizio kwamba wapo wateja wanaoogopa mbwa au wanaopata mzio. Anachotakiwa ni kuwakalisha mbali mbali.

Sheria haimlazimishi mbwa kuvaa kizibao wala kusajiliwa, na inamruhusu mtu mwenye ulemavu kumfundisha mbwa wake mwenyewe. Lengo lilikuwa jema. Waliotunga kanuni hizo hawakutaka mlemavu asimame kila mlango akitoa karatasi na kusimulia ugonjwa wake mbele ya foleni ya watu, jambo ambalo mtu mwenye macho na miguu mizima hatakiwi kulifanya ili anunue mkate.

Hata hivyo, sheria haikumwacha mwenye duka mikono mitupu. Mbwa akishindwa kutawaliwa na mwenye naye asichukue hatua, au akijisaidia ndani, anaweza kutolewa nje hata kama ni mbwa msaidizi wa kweli, ilimradi mteja mwenyewe aruhusiwe kubaki na kuhudumiwa. Mgahawa haulazimiki kumruhusu mbwa akae kwenye kiti au alishwe mezani, wala duka halilazimiki kumruhusu apakiwe kwenye toroli.

Biashara ya vyeti visivyo na thamani

Pengo kati ya yale yanayoruhusiwa kuulizwa na yale yasiyoruhusiwa limezaa biashara. Zipo tovuti zinazouza vizibao, kadi zenye picha ya mbwa, na vyeti vinavyodai kwamba mbwa amesajiliwa katika daftari la taifa.

Daftari hilo halipo. Wizara ya Sheria imeeleza wazi kwamba vyeti vya namna hiyo havimpi mtu haki yoyote na kwamba haivitambui kuwa ushahidi wa mbwa kufundishwa. Anayenunua kadi hiyo hununua karatasi ya kumtishia mfanyakazi asiyeijua sheria, basi.

Kinachochanganya watu zaidi ni kundi la pili, la wanyama wa faraja. Hawa ni wanyama ambao uwepo wao peke yake humpunguzia mtu upweke, huzuni au wasiwasi. Faida yao kwa wagonjwa wengi haipingwi. Lakini kwa kuwa hawajafundishwa kazi mahsusi, sheria ya mwaka 1990 haiwatambui kuwa wasaidizi, na hawana haki ya kuingia dukani au mgahawani.

Mpaka wenyewe ni mwembamba, ila upo. Mbwa aliyefundishwa kutambua kwamba bwana wake anaanza kupandwa na hofu kuu, akamlalia miguuni au kumwongoza kutoka kwenye umati, ni msaidizi. Mbwa ambaye mwenye naye hutulia tu anapompapasa ni wa faraja.

Katika nyumba za kupanga hali ni tofauti. Sheria ya Makazi ya mwaka 1968, iliyopanuliwa mwaka 1988 ili kuwalinda wenye ulemavu, ndiyo iliyompa mpangaji mwenye ulemavu msingi wa kuomba aishi na mnyama wa faraja hata katika jengo linalokataza wanyama. Hapo ndipo barua za waganga wa afya ya akili zilipopata soko, na watu wengi wakaamini kwamba barua hiyo hiyo inafungua kila mlango.

Tausi katika uwanja wa ndege

Mahali ambapo mzaha huu ulionekana wazi kuliko kwingine ni angani. Usafiri wa ndege una sheria yake, ya mwaka 1986, na kwa miaka mingi kanuni zake zilizitaka ndege kuwapokea wanyama wa faraja bila malipo, abiria akiwa na barua ya mtaalamu wa afya ya akili. Kwa kuwa kumsafirisha mnyama wa kawaida hulipiwa, kishawishi kilikuwa kikubwa.

Mwaka 2014 mwandishi Patricia Marx wa jarida la The New Yorker aliamua kuupima utaratibu huo. Alitembea katika makumbusho, maduka, treni na ndege akiwa na kobe, nyoka, bata mzinga, nguruwe, na alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia, akieleza kwamba ni wanyama wake wa faraja. Mara nyingi alipita bila kizuizi.

Mwaka huo huo abiria mmoja alishushwa katika ndege jimboni Connecticut baada ya nguruwe wake kuwasumbua wenzake. Januari 2018 shirika la United lilimkatalia abiria katika uwanja wa ndege wa Newark kupanda na tausi. Picha ya ndege huyo mwenye mkia mrefu akiwa uwanjani ilisambaa dunia nzima na watu wakacheka.

Lakini si yote yaliyokuwa ya kuchekesha. Juni 2017, katika ndege ya shirika la Delta iliyokuwa Atlanta ikijiandaa kwenda San Diego, abiria aliyekaa dirishani alishambuliwa na mbwa wa faraja aliyekuwa amepakatwa na jirani yake, akajeruhiwa vibaya usoni.

Umoja wa mashirika ya ndege ya nchi hiyo, Airlines for America, ulikadiria kwamba wanyama wa faraja waliosafirishwa walipanda kutoka 481,000 mwaka 2016 hadi 751,000 mwaka 2017. Delta nayo ilisema mwanzoni mwa 2018 kwamba taarifa za matukio mabaya ya wanyama ndani ya ndege zake, yakiwamo ya kung'ata na kujisaidia, zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 84 tangu 2016.

Desemba 2020 Wizara ya Uchukuzi ilifunga mlango huo. Kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 11, 2021, mnyama msaidizi angani ni mbwa aliyefundishwa tu, na ndege hazilazimiki tena kuwapokea wanyama wa faraja bila malipo. Mashirika yanaweza kumtaka abiria ajaze fomu ya serikali akithibitisha afya, tabia na mafunzo ya mbwa wake. Fomu hiyo inamwonya kwamba kuijaza kwa uongo ni kosa la jinai.

Anayeumia ni nani

Wapo wanaouliza: kuna ubaya gani mtu akiingia dukani na mbwa wake mdogo? Jibu lipo kwa wale wanaowategemea mbwa wa kweli.

Kwanza ni usalama. Mbwa asiyefundishwa akimvamia mbwa kiongozi, hasara haiishii kwenye jeraha. Mbwa aliyeshambuliwa anaweza kubaki na hofu ya mbwa wenzake na kushindwa kuendelea na kazi. Kazi ya miaka miwili na fedha nyingi hupotea kwa dakika moja, na asiyeona hurudi kwenye fimbo nyeupe huku akisubiri mbwa mwingine.

Pili ni heshima. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Mwenye mgahawa aliyekwisha kusafisha uchafu wa mbwa watatu wa uongo humtazama wa nne kwa jicho la shaka, hata kama ndiye wa kweli. Wanaoumia zaidi ni wenye ulemavu usioonekana kwa macho, kama vile kifafa, kisukari au majeraha ya akili ya vita, kwa kuwa hawana kiti cha magurudumu wala miwani myeusi ya kuwatetea.

Tatu ni usafiri. Mwaka 2014 chama cha kitaifa cha wasioona kiliishitaki kampuni ya Uber kwa madai kwamba madereva wanawakataa abiria wenye mbwa viongozi. Katika makubaliano ya mwaka 2016, kampuni hiyo iliahidi kuwafukuza madereva wanaokataa kwa makusudi. Hata baada ya hapo, mwaka 2021 msuluhishi aliiamuru kumlipa mwanamke asiyeona wa eneo la San Francisco dola milioni 1.1 baada ya kukataliwa safari mara 14. Septemba 2025 Wizara ya Sheria yenyewe iliifungulia kampuni hiyo kesi ya ubaguzi dhidi ya abiria wenye ulemavu.

Madereva kutoka Afrika Mashariki

Suala hili linawagusa pia ndugu zetu walioko ughaibuni, kwani wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hujipatia riziki kwa kuendesha teksi katika miji ya Marekani.

Katika uwanja wa ndege wa Minneapolis-St. Paul jimboni Minnesota, takriban robo tatu ya madereva wa teksi wapatao 900 katikati ya miaka ya 2000 walikuwa Wasomali. Baadhi yao, kwa sababu za kidini, walikataa abiria waliobeba pombe, na wengine waliwakataa wenye mbwa. Aprili 2007 mamlaka ya uwanja huo ilipitisha adhabu: siku 30 bila leseni ya uwanja kwa kosa la kwanza, na miaka miwili kwa la pili. Kuhusu mbwa viongozi hapakuwa na mjadala wa kisheria. Sheria ya shirikisho ilikwisha kuamua.

Ugumu wa madereva hao unaeleweka. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Somalia na pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito inayotoharishwa kwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Wakati huo huo dini hiyo hiyo inahimiza kumwonea huruma asiyeona.

Wapo wanazuoni waliotafuta njia. Mwaka 2008 nchini Uingereza, Baraza la Sheria za Kiislamu lilitoa fatwa iliyomruhusu kijana asiyeona wa mji wa Leicester kufika msikitini na mbwa wake. Mbwa alitengewa mahali pake pa kupumzika, mbali na ukumbi wa sala.

Dereva anayejikaza kuyashinda mazoea yake ili amhudumie asiyeona anastahili kuwa na hakika kwamba aliyempandisha ni mhitaji wa kweli. Anayempandishia mbwa wa mapambo kwa uongo anamdhulumu yeye pia.

Adhabu zipo, ushahidi haba

Zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani yamepitisha sheria za kumwadhibu anayemsingizia mbwa wake kuwa msaidizi. Florida, kwa sheria ya mwaka 2015, hutoza faini ya hadi dola 500 au kifungo cha hadi siku 60, pamoja na saa 30 za kuitumikia jamii katika taasisi inayowahudumia wenye ulemavu.

California huruhusu kifungo cha hadi miezi sita na faini ya hadi dola 1,000. Tangu Januari 2022 jimbo hilo linamtaka pia muuzaji wa mbwa wa faraja kumweleza mnunuzi kwa maandishi kwamba mbwa huyo hana haki za msaidizi. Texas nayo mwaka 2023 ilipandisha faini yake kutoka dola 300 hadi 1,000.

Tatizo ni utekelezaji. Ili mtu atiwe hatiani ni lazima ithibitike kwamba alidanganya akijua. Mfanyakazi wa duka haruhusiwi kuuliza ugonjwa, polisi wana kazi nyingine, na mwongo akiulizwa maswali yale mawili anaweza kuyajibu kwa uongo mwingine.

Kwa nini visitolewe vitambulisho?

Wapo wanaopendekeza serikali itoe kitambulisho kimoja kwa nchi nzima. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mwenye gari la walemavu hupewa alama ya kuegesha, kwa nini mwenye mbwa asipewe? Uingereza, kwa mfano, mbwa wa mashirika yanayotambulika huwa na kijitabu cha utambulisho, ingawa hata huko sheria haimlazimishi mtu kukionesha ili ahudumiwe.

Wanaopinga wanasema kitambulisho kitamgharimu mlemavu asiye na uwezo, kitawaondoa wanaofundisha mbwa wao wenyewe, na kitageuza haki ya kutembea kuwa ruhusa ya kuombwa. Wanaongeza kwamba anayeghushi kizibao leo atashindwa vipi kughushi kadi kesho?

Fomu ya mashirika ya ndege imejaribu kusimama katikati: haidai cheti cha shule, lakini inamfanya mtu aweke saini chini ya maneno yake. Hata hivyo, safari ya ndege hupangwa mapema. Haiwezekani kujaza fomu kila mtu anapokwenda kununua dawa.

Tabia ndiyo cheti

Hadi hapo muafaka utakapopatikana, kipimo cha uhakika ni kile ambacho sheria tayari inakitoa, yaani tabia ya mbwa. Asiyebweka ovyo, asiyenusa vyakula, asiyewarukia watu na asiyemtoka mwenye naye, hana haja ya kizibao. Anayefanya hayo, hata akivishwa nishani, anaweza kuambiwa atoke.

Mwenye duka au mgahawa anayeyajua maswali mawili na kuyauliza kwa adabu hahitaji kumfokea mtu, wala hahitaji kumfukuza kipofu ili kumkomesha mwongo. Mgeni wa Marekani anayekutana na mbwa akiwa kazini naye ana wajibu wake: asimpapase, asimwite, asimpe chakula. Dakika moja ya kumchezea ni dakika ambayo mwenye naye hana macho.

Na kwa yule anayempenda mbwa wake kiasi cha kutotaka kumwacha nyumbani, mapenzi hayo si kosa. Kosa ni kuazima ulemavu wa mwenzake ili kuyatimiza. Yeye akizuiwa mlangoni hupoteza matembezi ya alasiri. Asiyeona akizuiwa hapo hapo hupoteza uhuru ambao Morris Frank na Buddy walivuka barabara kuutafuta mwaka 1928.